Anataka Nini? Muhula Mmoja wa Kujifunza Sataranji



Mwanzoni mwa muhula uliopita, sisi mafrateri wanane wa mwaka wa pili wa falsafa tulijiwekea mradi mdogo: kujifunza kucheza sataranji vizuri. Tunasema vizuri, kwa sababu kucheza tu tulikuwa tunajua. Mmoja wetu alifundishwa na kaka yake, wengine walijifunza kwenye simu wakati wa likizo, na karibu wote tumekulia jirani na vijiwe vya drafti, ambako mzee mmoja huwafunga vijana kumi mfululizo huku akinywa kahawa yake taratibu. Swali letu lilikuwa jingine. Je, mtu wa miaka 25, mwenye dakika 40 tu baada ya chakula cha jioni, huku mtihani wa Metafizikia unamsubiri, anaweza kufika mahali akauelewa mchezo huu badala ya kusukuma kete?

Mlezi wetu alikubali kwa sharti moja: kengele ya Sala ya Usiku ikilia, hakuna "nimalizie hatua moja tu". Kete zinaachwa zilivyo na watu wanakwenda kanisani. Tutalirudia sharti hilo baadaye, maana lilitufundisha zaidi ya tulivyotarajia.

Kwanza, jina. Vijana wengi siku hizi wanauita mchezo huu chesi, na hatuna ugomvi nao. Lakini sataranji ni neno letu la siku nyingi, lililotufikia kwa Kiarabu, ambacho kililipata kwa Waajemi, nao wakalipata India. Huko lilikuwa na maana ya "viungo vinne", yaani sehemu nne za jeshi: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Ule upande wa tembo ndio uliotuchekesha. Kete ambayo sisi, kwa kuwafuata Waingereza, tunaiita askofu, Wahispania wanaiita kwa neno lililotokana na Kiarabu lenye maana ya tembo, na Wafaransa wanaiita mwendawazimu. Katika seminari, habari kama hiyo haikai mezani zaidi ya dakika tano kabla haijafika kila chumba.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Watu wengi wanaamini kwamba mchezaji mzuri ni yule anayeona mbali: sisi tunaona hatua mbili mbele, yeye anaona kumi. Imani hii ndiyo inayowakatisha tamaa watu wazima, maana wanajiambia kwamba vichwa vyao havikuumbwa kwa hesabu hizo. Na kweli, hesabu zenyewe zinatisha. Mchezaji wa kwanza ana hatua 20 za kuchagua, mwenzake naye ana 20 za kumjibu, hivyo kabla kila mmoja hajagusa kete ya pili, tayari inaweza kutokea michezo 400 tofauti. Baada ya hapo idadi inapaa kiasi kwamba hakuna binadamu anayeweza kuifuata.

Mwanasaikolojia Mholanzi Adriaan de Groot, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji hodari, alilichunguza jambo hili na kulitolea kitabu mwaka 1946. Aliwawekea wachezaji wa viwango mbalimbali ubao mmoja na kuwataka wafikiri kwa sauti. Alichokikuta ni kwamba mabingwa hawakuwa wakitazama mbali kuwapita wenzao kwa kiasi ambacho mtu angetarajia. Tofauti ilikuwa mwanzoni kabisa: bingwa akitazama ubao, hatua chache nzuri humjia zenyewe, na hizo ndizo anazozipima. Asiye bingwa hupoteza muda wake akipima kwa uangalifu mkubwa hatua ambazo hazifai hata kufikiriwa. Kisha de Groot akawaonyesha ubao kwa sekunde chache, akaufunika, na kuwaomba waupange upya kwa kumbukumbu. Mabingwa waliupanga karibu wote bila kosa, wengine wakakumbuka kete chache tu.

Je, ina maana mabingwa wana kumbukumbu kubwa kuliko sisi? Mwaka 1973 watafiti wawili wa Marekani, William Chase na Herbert Simon, walirudia jaribio hilo wakaongeza kitu kimoja: safari hii kete nyingine zilipangwa ovyo, bila maana, kama mtoto aliyezimwaga tu. Hapo ubora wa mabingwa ulitoweka karibu wote. Macho yao hayakuwa kamera. Walichokuwa nacho ni mafungu yenye maana waliyokwisha kuyaona mara nyingi, kama vile msomaji anavyoliona neno "baraka" kwa mara moja, bila kuhesabu herufi zake sita.

Kwetu sisi huo ulikuwa ujumbe wa matumaini. Kusoma hakuhitaji kipaji cha ajabu, kunahitaji kusoma. Aristotle alikwisha kusema kwamba mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga. Lakini hapo palibaki swali la kiutendaji: tusome nini kwanza?

José Raúl Capablanca wa Kuba, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1921, alishauri kuanza na mwisho wa mchezo, wakati ubao umebaki na kete chache. Ushauri huu unaonekana wa kinyume, kama kumfundisha mtu hotuba kwa kuanza na "asanteni kwa kunisikiliza". Ila una mantiki nzuri. Ubao ukiwa umejaa kete 32, huwezi kujua ni ipi iliyokuletea ushindi. Ukiwa na kete tatu, kila kitu kiko wazi.

Basi wiki tatu za kwanza tulicheza na kete tatu tu: mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme mpweke. Askari akifika mstari wa nane hugeuka kuwa kete yoyote anayotaka mwenyewe, isipokuwa mfalme, na kwa kawaida watu huchagua malkia. Mfalme mpweke kazi yake ni kumzuia. Inaonekana rahisi, hadi unapogundua kwamba wafalme wawili wakitazamana na katikati yao umebaki mraba mmoja, hakuna anayeweza kusonga mbele, kwa kuwa mfalme haruhusiwi kumgusa mwenzake. Na katika sataranji hakuna kupisha zamu. Anayelazimika kucheza ndiye anayeachia njia. Kwa hiyo kuna nyakati ambapo kuwa na zamu ni hasara, na mchezaji anayejua jambo hili huhesabu hatua zake ili mwenzake ndiye ajikute analazimika kucheza. Tulijifunza pia kanuni moja yenye uhakika: mfalme wako akifika mstari wa sita na askari wako yuko nyuma yake hapo hapo, umeshinda, iwe zamu ya nani. Isipokuwa askari huyo awe wa safu ya pembeni kabisa. Hapo mpweke huweza kujificha kwenye kona na kuambulia sare.

Sambamba na hayo tulikuwa na mafumbo madogo kila siku, kumi kwa kila mtu, ya aina moja kwa wiki nzima. Wiki ya farasi ndiyo ilikuwa kali zaidi. Farasi anaruka kwa umbo la herufi L na anaruka juu ya kete nyingine, hivyo anaweza kumtisha mfalme na malkia kwa wakati mmoja akiwa mahali ambapo hakuna aliyemtazamia. Mfalme lazima aokolewe, na malkia analiwa. Ukiliona umbo hilo mara hamsini, linaanza kukuita lenyewe kabla hujalitafuta. Vifaa havikuwa tatizo. Tulikuwa na seti moja ya kweli, na nyingine tatu tulizichora kwenye maboksi na kutumia vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi juu yake.

Kufikia katikati ya muhula tulijiona tumeiva. Ndipo Jumapili moja wakaja kututembelea vijana wa parokia jirani, na miongoni mwao alikuwapo binti wa kidato cha tatu aliyejifunza mchezo huu kwenye simu ya mama yake. Alitufunga sote wanane kwa zamu. Si kufungwa huko tunakotaka kusimulia, bali alichokifanya baada ya kila mchezo. Hakuondoa kete. Alizirudisha kidogo kidogo hadi mahali fulani pa katikati, akauliza kwa heshima zote: "Samahani Frateri, hapa ulikuwa unataka nini?"

Tukamweleza. Mmoja alikuwa anataka kumpeleka askofu wake kule, mwingine alikuwa anaandaa shambulio upande wa mfalme. Naye akauliza tena: "Na mimi, ulifikiri nilikuwa nataka nini?" Hapo kila mtu alinyamaza. Wanane, na hakuna aliyekuwa na jibu. Tulikuwa tumejifunza maumbo na kanuni, lakini wakati wa kucheza kila mmoja alikuwa peke yake na mpango wake, akiuona upande wa pili kama ukuta wa kupigia mpira.

Tangu siku hiyo tulibadili namna ya kufanya mazoezi. Kabla ya kuufikiria mpango wake, kila mmoja alitakiwa ajiulize hatua iliyochezwa sasa hivi imebadili nini: imefungua njia ya nani, imeacha kete gani bila mlinzi, na kama mwenzangu angepewa hatua ya pili mfululizo, angefanya nini nayo? Jibu la swali hilo la mwisho ndiyo nia yake. Wiki mbili za kwanza tulilazimishana kuisema nia hiyo kwa sauti ya chini kabla ya kugusa kete. Inachosha sana, na mchezo unakwenda polepole kama konokono, lakini hakuna zoezi lililotuinua kuliko hili. Yule anayeuliza swali hilo huacha kupoteza kete ovyo, na wachezaji wa kiwango chetu hushindwa kwa kupoteza kete ovyo kuliko kwa sababu nyingine yoyote.

Zoezi hili liligusa kitu kingine pia. Sisi tunalelewa kwa ajili ya kazi ya kusikiliza watu. Ni rahisi mno kumsikiliza mtu huku ukiwa umeshaandaa jibu lako, ukimsubiri amalize tu. Kwenye ubao, mtu wa namna hiyo anaadhibiwa ndani ya hatua tatu na hana wa kumlaumu, kwa sababu sataranji haina kete za bahati, haina mwamuzi aliyependelea wala uwanja wenye matope. Ndiyo maana kushindwa kwake kunauma. Tumewaona watu wazima, watulivu katika kila jambo, wakiondoka mezani bila kumpa mwenzao mkono. Katika nyumba ambayo watu wanakaa pamoja kwa miaka, hilo si jambo dogo. Desturi ya yule binti ya kurudisha kete na kuuliza tuliifanya kuwa sheria: aliyeshinda na aliyeshindwa wanakaa dakika tano wakitafuta pamoja mahali ambapo njia iligawanyika. Mara nyingi walikuta kwamba aliyeshinda naye hakuwa ameona.

Kuna fumbo moja ambalo tungependa kila msomaji wetu alipange kwenye ubao wake, kwa sababu lina padre ndani yake. Safu za ubao huitwa kwa herufi a hadi h kutoka kushoto, na mistari kwa namba 1 hadi 8 kutoka upande wa mweupe. Mweupe ana mfalme b6 na askari c6. Mweusi ana mfalme a1 na ngome d5. Ni zamu ya mweupe. Mwaka 1895 gazeti moja la Glasgow, Uskoti, lilichapisha mchezo huu kama sare. Padre Fernando Saavedra, Mhispania aliyekuwa akiishi mjini humo na asiyejulikana kabisa kama mchezaji, aliutazama akaona ushindi.

Askari anasogea c7. Ngome inamtisha mfalme kutoka d6, naye anashuka b5. Ngome inamfuata d5, anashuka b4. Inamfuata d4, anashuka b3. Inamfuata d3, anakwenda c2, na sasa ngome haiwezi kutisha tena bila kuliwa. Ila mweusi ana hila moja iliyobaki: anarudisha ngome d4. Askari sasa yuko huru kufika c8. Kila mtu duniani angemfanya malkia. Akifanya hivyo, ngome inakwenda c4 na kutisha, malkia analazimika kuila, na mfalme mweusi pale konani anabaki hatishwi na wala hana pa kwenda. Kwa kanuni za mchezo hiyo ni sare. Saavedra akamfanya askari kuwa ngome, kete ndogo kuliko malkia. Sasa ngome mpya inatishia kumaliza mchezo kutoka a8, mweusi hana njia ila kuziba kwa ngome yake a4, na mfalme mweupe anapanda b3. Hapo anaitisha ngome ya mweusi na wakati huohuo anaandaa pigo la mwisho kwenye c1. Mweusi hawezi kuyazuia yote mawili.

Fumbo hilo leo linaitwa kwa jina la padre huyo, na halina mchezo mwingine wake unaokumbukwa. Tulikaa nalo jioni nzima. Sababu ya wote kuchagua malkia ni kwamba malkia ni bora, na ni kweli ni bora, lakini hapo hakuna aliyeuliza mweusi anataka nini. Anachotaka ni kukosa pa kwenda. Ngome haizuii miraba mingi kama malkia, na ndiyo maana inampa mpinzani pumzi anayohitaji ili ashindwe.

Bila shaka wapo wanaouliza: hivi muda wa mseminari si wa vitabu na sala? Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1061 hivi, Mtakatifu Petro Damiani aliandika barua akimlalamikia askofu wa Florence aliyemkuta akicheza sataranji nyumba ya wageni jioni. Askofu alijitetea kwamba sataranji si kamari ya dadu. Utetezi haukukubaliwa, alipewa kitubio cha kuisali Zaburi yote mara tatu na kuwaosha miguu maskini kumi na wawili. Kwa upande mwingine, Mtakatifu Teresa wa Avila aliutumia mchezo huu kuwaelekeza watawa wake katika kitabu chake cha Njia ya Ukamilifu, akimfananisha malkia wa ubaoni na unyenyekevu, unaomfanya Mfalme wa mbinguni ajitoe kwetu. Mfano huo ulikuwa mpya wakati wake, maana malkia mwenye nguvu kama tunavyomjua alikuwa ameingia mchezoni miongo michache tu kabla ya Teresa kuzaliwa. Zamani alisogea mraba mmoja kwa mshazari. Inapendeza kuona kwamba Teresa mwenyewe alisita. Katika nakala ya pili ya kitabu hicho aliiondoa sehemu ya sataranji.

Sisi tunasimama na Mtakatifu Thoma wa Akwino, anayesema kwamba akili huchoka kama mwili unavyochoka na inahitaji kupumzishwa kwa michezo, mradi isiwe ya aibu, isiivuruge roho nzima, na iendane na mtu, mahali na wakati. Neno hilo la mwisho, wakati, ndilo kengele yetu. Mwanzoni tuliichukia. Unakuta umebakiza hatua moja tu ya ushindi, halafu inalia. Baada ya miezi miwili tuliona kwamba yule anayeweza kuinuka hapo ndiye pia anayecheza vizuri zaidi, kwa sababu haendeshwi na ubao. Kuhusu Petro Damiani, tunadhani alikuwa na haki juu ya askofu yule, kwa kuwa hatujui kama kengele yake ililia.

Mifunguo ya mchezo tuliiacha hadi mwisho, na hatukuipa uzito. Vijana wengi huanza na kukariri mifunguo, na mpinzani akitoka nje ya walichokariri wanabaki wameduwaa. Inatosha kuweka askari wa katikati, kuwatoa farasi na maaskofu mapema, na kumfichia mfalme mahali salama. Mfunguo tulioupenda unatokana na Ruy López, padre wa Hispania aliyechapa kitabu chake cha mchezo huu mwaka 1561: askari wa mfalme miraba miwili mbele, farasi f3, askofu b5. Unachezwa na mabingwa hadi leo.

Kwa viongozi wa vijana parokiani wanaotaka kuanza, mfano ulio karibu ni Uganda. Katika mtaa wa Katwe, Kampala, Robert Katende alianza kuwafundisha watoto sataranji, na wengi walivutwa kwanza na bakuli la uji. Mmoja wao, Phiona Mutesi, alifika kuiwakilisha nchi yake na mwaka 2012 akapata cheo cha kimataifa. Boksi moja, vizibo 32 na kalamu vinatosha. Vizibo 16 vipakwe rangi, ili mweupe na mweusi watofautiane hata umeme ukikatika. Anzeni na wafalme wawili na askari mmoja. Yule binti amekubali kuja kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya Misa ya pili, na ameomba safari hii tumwandalie ubao wa kweli.